Kijana au ujana?

Binti yangu ana miaka tisa, na siku hizi ukimsemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Juzi kazi ya shule ilimkwamisha: ipi nomino dhahania, ipi ya kitu halisi? “A youth knocked.” “She sang in her youth.” Neno lile lile.

“Hebu sema kwa Kiswahili, mama.”

Akawaza. “Kijana alibisha hodi. Aliimba wakati wa ujana wake.” Akacheka: ki- ni mtu, u- ni hali!

Nikamtahadharisha, maana ugali nao una u-, na tunaula. Kitu halisi hufikiwa na jicho, sikio, pua, ulimi au ngozi. Upepo haushikiki, lakini unausikia usoni. Basi “wind” ni kitu halisi.

Akauliza, “Na njaa?”

Tukabishana hadi chakula kikapoa.