Jabali Ndani ya Kioo

Usiku wa nne baada ya kulijaza maji tangi letu la samaki, tuliamshwa na sauti ya kitu kinachochanika, mfano wa turubai linalovutwa kwa nguvu, kisha mbubujiko. Tulipofika sebuleni tuliliona jabali tulilolitengeneza kwa mikono yetu limebanduka kwenye kioo cha nyuma na kupanda juu, likielea kama dau lililopinduka. Mjukuu wetu wa miaka tisa, aliyekuwa akiomba tangi hilo tangu Shaabani, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, kwani jiwe huelea?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Samaki hawakuwamo tena. Wale samaki wa dhahabu 11 walikuwa wamekufa siku mbili kabla, na yeye ndiye aliyetusaidia kuwazika chini ya mlimau.

Asubuhi ahli wetu hakutulaumu, ila alitoa sharti moja: kiumbe chochote kisiingizwe tena ndani ya kioo kile mpaka tujue wale wa kwanza waliuawa na nini. Sharti hilo lilikuwa la haki. Wanavyuoni wameichukua habari ya yule mtoto wa Madina aliyekuwa na kindege chake, ambaye Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania kwa upole, kuwa ni dalili ya kuruhusiwa kufuga, lakini habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula nayo twaijua sote. Samaki aliye ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Maji yakiharibika, aliyeyaharibu ni mwenye nyumba.

Twaandika haya kwa sababu nyumba kadhaa za jirani zimeingiwa na hamu ya matangi makubwa yenye mwamba wa nyuma, na akina mama ndio wanaotuuliza zaidi. Hamu hiyo hatuilaumu. Tangi lenye kioo kitupu nyuma, nyaya zikionekana na ukuta ukionekana, halipendezi. Na samaki mwenyewe huishi kwa wasiwasi, maana hana kivuli wala tundu.

Kwanza, uzito. Tangi letu lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60, yaani lita 540. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza vioo, mchanga na meza, wapita kilo 600 juu ya eneo lisilofika hata mita moja ya mraba. Wenye kuishi katika nyumba kongwe za Mji wa Kale, zenye sakafu ya juu iliyolazwa juu ya boriti za mikoko, twawasihi waliweke tangi kubwa chini, penye sakafu iliyokaa juu ya ardhi, hata kama wageni wa kike hupokewa juu.

Uzito huo huo ndio unaokataza kupanga mawe ya kweli mpaka juu. Yakiporomoka, kioo hakisalimiki. Ama matumbawe ya baharini, tusiyaguse. Ndani ya hifadhi za bahari za Mombasa, Malindi, Watamu na Kisite ni marufuku kuchukua kitu, na hata nje yake, tumbawe hai likivunjwa huchukua miaka mingi kurudi.

Kwa hiyo mwamba wa tangi huchongwa kwa lile povu gumu jeupe ambalo televisheni mpya hufungiwa ndani ya kasha, kisha hupakwa saruji. Na hapo ndipo kosa letu la kwanza lilipokuwa. Povu hilo ni hewa tupu. Lita 30 za povu zikizamishwa husukumwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 30, ukiondoa uzito wa saruji iliyopakwa. Sisi tulilishika kwa mistari mitatu ya silikoni juu ya kioo chenye vumbi, tukadhani tumemaliza.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Saruji mbichi hutoa chokaa ndani ya maji, na maji hupanda ukali wake, ule unaopimwa kwa pH, hata kufikia kiwango ambacho mashavu ya samaki huungua. Aliyetuuzia vifaa alituambia siku tatu zatosha. Hazitoshi. Wala hatumwekei yeye dhambi yote. Karatasi za kupimia maji ni rahisi, na sisi hatukununua.

Mara ya pili hatukuanza na kisu. Tulimchukua mjukuu alasiri ya maji kupwa tukashuka naye pwani ya Mama Ngina, tukakaa tukiutazama mwamba. Sisi wa pwani twapita kando ya majabali hayo maisha yetu yote na hatuyatazami. Yametokana na matumbawe ya kale, na mawimbi yameyala kwa chini, hivi kwamba sehemu ya juu imetokeza mbele kama baraza na ya chini imeingia ndani kwenye giza. Matundu yake hayalingani hata mawili. Nyufa hushuka kwa mshazari, na palipo na ufa mkubwa rangi huwa nyeusi, palipotokeza huwa na weupe wa vumbi. Mjukuu alichora kwa penseli nyuma ya daftari lake la chuoni. Jabali letu la kwanza, alisema, lilikuwa "kama maandazi yaliyobandikwa ukutani." Alisema kweli.

Basi tulichonga kwa kufuata mchoro wake. Chini tuliliacha povu liingie ndani, juu tukalitokeza kwa sentimita 15, mahali pengine tukaliacha jembamba kama kiganja. Kisu hutoa mistari iliyonyooka mno. Kuvunja vipande kwa vidole huleta sura ya kweli zaidi. Matundu tuliyachimba mengi, ya kimo mbalimbali, na sababu yake tutaieleza.

Hatukulitengeneza zima. Mara ya kwanza tulitengeneza kipande kimoja cha sentimita 149, na siku ya kukiingiza tukakuta vile vioo vya kukaza vilivyo juu ya tangi havikipitishi. Tulikipasua kwa msumeno huku watoto wakicheka. Sasa tulikata vipande vitatu, na maungio yake tukayapitisha ndani ya nyufa tulizochonga ili yasionekane.

Saruji ya kwanza huwa nyepesi kama uji, iingie kila kitundu. Ya pili huwa nzito kidogo. Ya tatu tuliichanganya na rangi ya unga ya kutilia saruji, nyeusi ndani ya mashimo na kahawia iliyopauka kwenye vituta, tukainyunyizia mchanga ingali mbichi. Kati ya tabaka na tabaka tuliyafunika mabamba kwa gunia lililoloweshwa, kwa kuwa jua letu hukausha saruji upesi ikapasuka. Kazi hii ya gunia ilisimamiwa na ahli wetu, ambaye alilimwagia maji kila baada ya sala, na hakuna hata ufa mmoja tusioutaka.

Kisha kuloweka. Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, na kumwaga lita 540 mara saba ni israfu ambayo hatukuweza kuihalalisha. Tulitumia werevu mdogo: tulipanga mbao uani, tukatandika nailoni, tukapata karo la kina cha kiganja, na mabamba tukayalaza kifudifudi humo. Povu huelea, saruji huzama, na uso uliopakwa ukakaa majini wenyewe. Maji tuliyabadilisha kila siku ya tatu na tukayatumia kuosha ua, mimea hatukuimwagia. Karatasi ya kwanza ilitoka na buluu iliyokoza. Wiki ya tatu ikatoka kijani, na haikubadilika tena hata maji yalipolala siku tano.

Kulibandika ni kazi ya watu wawili. Tangi hulazwa chali juu ya godoro, kioo husuguliwa kwa spiriti mpaka kilie, na vumbi la mabamba hupigwa brashi lote. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tuliipaka kuzunguka kingo zote na kwa msalaba katikati, tukaweka matofali juu, tukangoja wiki nzima mpaka ile harufu ya siki ilipokwisha. Pia tulihakikisha ncha za juu za mabamba zimeingia chini ya vioo vya kukaza, ili hata gundi ikiachia, mwamba usipate njia ya kupanda. Nyuma ya pembe moja tuliacha uwazi wa pampu na hita, na mdomo wake tukauziba kwa wavu wa plastiki ili samaki asinaswe humo.

Baada ya kujaza maji tulingoja tena wiki sita, chujio likifanya kazi na samaki hamna, mpaka vile vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki vilipoota. Mjukuu aliona ni uonevu. Tulimpa karatasi za kupimia akawa ndiye mpimaji.

Samaki tuliowachagua ni mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao makao yao ya asili ni majabali, na maji yenye chokaa kidogo huwafaa. Ni wagomvi. Dume hushika tundu lake na kumfukuza kila apitaye, na mnyonge asiyekuwa na pa kujificha hufukuzwa hadi akafa. Ndiyo sababu ya matundu mengi.

Mwezi wa tatu mtoto alitujia na hofu ile ile ya zamani usoni. "Babu, yule wa manjano hali." Tulikwenda naye tukamkuta samaki amejibanza chini ya baraza la mwamba, shavu limetuna, kila chakula kikipita mbele yake hageuki. Tulimweleza kwamba mbuna wa kike hubeba mayai yake kinywani, na hufunga kula karibu wiki tatu mpaka yaanguliwe na watoto wawe na nguvu. Hakuamini sana. Alihesabu siku kwa penseli ukutani, jambo ambalo nyanyake alilisamehe kwa mara hiyo tu.

Siku ya 20, kabla ya Magharibi, alituita. Samaki alifungua kinywa karibu na mwamba na vijitoto vya urefu wa punje ya mchele vikatoka. Alihesabu saba, kisha wote wakaingia ndani ya ufa ule tuliouchonga kuficha maungio ya bamba la kwanza na la pili.