Mjukuu wa Kamaru anayegeuza mlio wa nyaya kuwa muziki

JINA Joseph Kamaru si geni kwa wapenzi wa muziki nchini. Kwa miaka mingi lilikuwa la mzee kutoka Kangema, Murang'a, aliyeimba kwa Kikuyu kuhusu mapenzi, maadili na siasa, na ambaye mwaka 1975 alithubutu kutoa wimbo kuhusu mauaji ya mbunge J.M. Kariuki.

Mzee huyo aliaga dunia Oktoba 2018. Siku hizi jina hilo hilo linasikika katika kumbi za Ulaya, lakini anayepanda jukwaani ni mjukuu wake, mzaliwa wa Nairobi anayetumia jina la usanii KMRU.

Atakayekwenda kumsikiliza akitarajia gitaa la babu atapigwa na butwaa. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, wala hakuna neno linaloimbwa. Kuna mvumo mrefu unaopanda na kushuka polepole, na ndani yake milio ya ndege, nyayo, mvua au mashine.

Wengi hujiuliza iwapo huo ni muziki kweli. Jibu linategemea namna mtu anavyousikiliza.

Asili ya mtindo

Muziki huu huitwa ambienti, yaani muziki wa mazingira. Jina hilo lilivuma mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alipotoa albamu ya muziki uliokusudiwa kupigwa katika viwanja vya ndege. Wazo lake lilikuwa kwamba muziki unaweza kukaa chumbani kama mwanga unavyokaa: anayetaka kuuzingatia auzingatie, na asiyetaka aendelee na shughuli zake.

Kwa sababu hiyo, mtunzi wa ambienti hahangaiki kutafuta kiitikio kitakachoshika kichwani. Kazi yake ni kuchagua sauti, kuzitandaza moja juu ya nyingine, na kuziacha zibadilike taratibu hivi kwamba msikilizaji hutambua mabadiliko yakiwa yameshapita.

KMRU huongeza jambo moja muhimu. Hutembea na kinasa sauti, akachukua milio ya mahali alipo, kisha akaifanyia kazi kwenye tarakilishi. Kipande chake kiitwacho Jinja Encounters, kwa mfano, kinabeba jina la mji wa Uganda ulio kando ya mto Nile.

Albamu za kuanzia

Albamu iliyomtangaza duniani ni Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Austria. Ina vipande sita, na kile kilichoipa albamu jina lake kinazidi dakika 20. Anayeisikiliza kwa haraka hudhani hakuna kinachotendeka. Akitulia, hugundua kwamba kila tabaka la sauti linasogea kwa mwendo wake, kama mawingu yanayopishana angani.

Kwa mgeni wa mtindo huu, huenda Logue ya mwaka 2021 ikawa mlango rahisi zaidi. Ni mkusanyiko wa kazi alizokuwa amezitoa mwenyewe mtandaoni miaka ya awali. Vipande vyake ni vifupi, na sauti zake ni za upole.

Dissolution Grip ya mwaka 2023 ilizaliwa kwa njia tofauti. KMRU alitazama michoro ya mawimbi ya sauti alizokuwa amenasa, akaifanya kuwa mwongozo wa utunzi, kisha akapiga upya kwa ala za kielektroniki. Sauti za awali zikatoweka, umbo lake likabaki.

Hata hivyo, kazi inayomgusa zaidi msikilizaji wa Nairobi ni Natur ya mwaka 2024, kipande kimoja cha takriban dakika 52. Chanzo chake ni kuhama kwa msanii huyu kutoka Nairobi hadi Berlin, alikosomea sanaa ya sauti katika Chuo Kikuu cha Sanaa.

Nairobi, nyaya za umeme hupita juu ya vichwa vya watu na transfoma huvuma kando ya barabara, huku ndege wakilia papo hapo. Berlin, mitambo imefichwa na usiku ni kimya. KMRU alitumia vifaa vinavyonasa mawimbi ya umeme yasiyosikika kwa sikio, akauvua ukimya huo nguo. Kumbe haukuwa ukimya.

Jukwaani

Maonyesho yake hayana mbwembwe. Mara nyingi ukumbi huwa na mwanga hafifu, naye huinamia kipakatalishi na vifaa vichache. Hakuna anayecheza. Watazamaji huketi, na baadhi yao hufumba macho.

Tofauti kubwa kati ya albamu na onyesho ni mwili. Nyumbani, sauti nzito za chini hupotea katika spika ndogo. Ukumbini, sauti hizo hutikisa kifua na sakafu. Kile kilichokuwa kama ukungu sebuleni huwa kitu chenye uzito.

Aidha, kipande hakipigwi vivyo hivyo mara mbili. Natur yenyewe ilikomaa jukwaani kabla ya kuwa albamu. Na wanaodhani ambienti ni muziki wa kubembeleza usingizi wasikilize Limen ya mwaka 2022, aliyoitunga pamoja na Aho Ssan wa Ufaransa. Humo sauti hupasuka kama mlima wa volkano.

Urithi wa sauti

Zipo sababu za kuuchukulia muziki huu kwa uzito. Mwaka 2022 KMRU alitoa Temporary Stored, albamu iliyotumia sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mjadala wa kurejesha mali ya Afrika huhusu zaidi vinyago na vitu vinavyoshikika. Albamu hii inauliza kuhusu sauti: nyimbo zilizonaswa enzi za ukoloni na kufungiwa ng'ambo ni za nani, na wajukuu wa walioziimba watazisikia wapi?

Swali hilo halikumjia kwa bahati. Yeye ndiye aliyejitwika kazi ya kukusanya rekodi za babu yake na kuzitoa upya mtandaoni, zisije zikapotea pamoja na kanda na santuri zilizochakaa.

Hapo ndipo mzee na mjukuu wanapokutana, ingawa masikio yasiyozoea hayasikii undugu wowote kati yao. Mzee aliweka katika wimbo yale ambayo watu walinong'ona. Mjukuu ananasa yale ambayo watu wameacha kuyasikia.

Anayetaka kujaribu hahitaji ujuzi wowote. Atafute nusu saa, aweke Logue kwa vipokea sauti vya masikioni, na asifanye jambo jingine. Kisha avivue na kusikiliza mtaa wake: matatu, jogoo, jenereta ya jirani. Ikiwa vitasikika tofauti na jana, basi atakuwa amepata jibu la iwapo huo ni muziki.