Super Famicom Iliyokataa Kuwaka

Usiharakishe kuzika mashine ya michezo. Super Famicom yetu hapa Kangemi ilitoka Japani, na adapta yake ni ya volti 100. Stima ya Kenya ni 240. Kaka akaichomeka tu ukutani; adapta ikanuka, ikafa.

Nikapanda matatu hadi Luthuli Avenue, nikanunua adapta ya volti 9. Wapi! Kimya. Kaka akataka kuiuza kama vipuri.

Nikairudisha mjini kwa fundi. "Kijana, katikati ya ncha hii panatakiwa hasi. Wewe umeleta chanya." Umeme ukiingia kinyume, fyuzi ndani hukatika, chipu zikapona. Akaipima kwa mita: kweli, imekatika. Akalehemu nyingine ya ampea 1.5, akageuza nyaya za adapta. Taa nyekundu ikawaka! Kaka sasa haiuzi ng'o.