Anayesinzia Darasani Si Mvivu

Hebu tuambiane ukweli. Mwenzetu akisinzia wakati wa hisabati, sisi hufanya nini? Hucheka! Naye mwalimu humsimamisha hadi kipindi kiishe. Lakini je, kuna aliyemwuliza alilala saa ngapi, tena wapi?

Sisi wa Kibera na Kawangware tunayajua mambo haya. Chumba kimoja, watu sita, taa moja. Kodi ikichelewa, mwenye nyumba anatia kufuli. Mnamo Julai 2018 nyumba nyingi na hata shule kadhaa za Kibera zilibomolewa kupisha barabara. Watoto walipoteza makao na madarasa kwa siku moja. Akili iliyojaa wasiwasi ni kama mtungi uliojaa: ukimimina maji zaidi, yanamwagika tu. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kukodolea ubao macho na asione kitu.

Nilipokuwa kidato cha pili, deski yangu ilikuwa karibu na ya msichana mmoja kutoka Gatina. Alikuwa hodari, kisha ghafla akaanza kushika mkia. Mwalimu mmoja alimwuliza mbele yetu, "Kwenu huwa hamlali?" Tukaangua kicheko. Wiki iliyofuata hakuja shule. Aliporudi, mwalimu wa Kiswahili alimwambia tu, "Njoo unisaidie kubeba vitabu." Huko njiani ndiko alikoeleza kwamba mama yake ni mgonjwa na yeye ndiye anayemwuguza usiku. Mwalimu hakumpa pesa. Alimpa muda zaidi wa kumaliza kazi, na kila Ijumaa akamwuliza hali. Msichana yule alifanya mtihani wa kidato cha nne. Mimi bado naona haya kwa kicheko kile.

Je, msaada wa namna hii una ushahidi? Naam. Mkenya Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango uitwao Shamiri. Kushamiri, kama tujuavyo wanachama, ni kustawi. Wanafunzi hukaa katika vikundi vidogo saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi. Hujifunza kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kushukuru, na kufuata yale wanayoyathamini. Mpango ulijaribiwa kwa wanafunzi 51 wa shule moja ya Kibera. Huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Tena alama zao zilipanda! Jaribio jingine la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha nafuu pia.

Walimu wetu wapendwa, kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza hata kumtesa mwanafunzi kiakili. Kejeli nayo ni kiboko. Kwa hivyo, kwanza, ulizeni faraghani. Pili, msitangaze siri mliyoambiwa. Tatu, hali ikizidi, mpelekeni kwa mshauri au hospitalini mapema.

Nasi wanafunzi tusijifanye watazamaji. Mwenzako akinyamaza siku tatu mfululizo, keti naye wakati wa chai. Akikwambia amechoka kuishi, hiyo si siri ya kuficha. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Kumbuka, mficha maradhi kifo humuumbua.