Kupoza Umeme na Kupoza Waya

Mwaka 2018 mji wa Songea, ambao hapo kwanza ulitegemea sana mitambo ya dizeli, uliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya umeme itokayo Makambako na kupitia Madaba. Njia hiyo ni ya msongo wa volti 220,000, nayo huishia mahali ambapo mafundi na wasio mafundi huita kituo cha kupozea umeme. Jina hilo limeenea Tanzania nzima, wala si baya. Lakini magari ya umeme yameleta kupoza kwa namna nyingine, na yafaa namna hizo mbili zitenganishwe.

Kupoza ni kufanya kitu kipoe. Uji hupozwa kwa kumiminwa toka kikombe hata kikombe. Hasira nazo hupozwa kwa maneno mema, ijapokuwa hapana joto la kupimwa. Kupoza umeme ni kwa namna hii ya pili. Kituoni msongo hushushwa kutoka volti 220,000 hadi 33,000 ili umeme ugawanywe, kisha transfoma za mitaani huushusha tena hadi volti 400 na 230. Kilichopungua ni msongo, si joto. Wako pia waandikao "kupooza", neno ambalo kwa kawaida ni la kiungo kilichokufa ganzi. Lakini umeme utokao kituoni haukupooza hata kidogo.

Hatari ya jina hili ni kwamba asikiaye aweza kudhani kuwa umeme wa msongo mkubwa ndio wenye moto, na wa msongo mdogo ni baridi. Kumbe katika waya mambo ni kinyume. Joto la waya hutokana na mkondo, yaani wingi wa umeme upitao, ambao hupimwa kwa ampea. Na mkondo ukizidi mara 2, joto huzidi mara 4. Kilowati 200 zikisafirishwa kwa volti 220,000, kila waya wa njia hubeba karibu nusu ya ampea 1 tu. Kilowati hizo hizo zikitiwa katika gari kwa volti 400, zahitaji ampea 500. Basi umeme uliokwisha "kupozwa" ndio utiao waya moto.

Chukua kebo ya kuchajia yenye urefu wa mita 5, ndani yake nyaya 2 za shaba, kila moja na unene wa milimita za mraba 35. Ikipitisha ampea 200, hutoa joto la wati 200 hivi, nalo hutoweka hewani. Ikipitisha ampea 500, hutoa wati 1,200 na zaidi, sawa na pasi ya umeme iliyofichwa ndani ya mpira ambao mtu aushika kwa mkono. Kuzidisha unene wa shaba kungepunguza joto, lakini kebo ingekuwa nzito, na wengi wasingeweza kuinyanyua.

Hapo ndipo inapokuja kebo ipozwayo kwa maji. Kando ya nyaya hupitishwa mirija myembamba. Pampu husukuma maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, yakachukua joto hadi kwenye rejeta yenye feni, kisha yakarudi. Maji ya lita 1 kwa dakika yakipokea wati 1,200 huongezeka joto nyuzi 17 tu. Kebo nyingine hutumia mafuta yasiyopitisha umeme, ambayo huweza kugusa shaba yenyewe. Vipima-joto hulinda kazi yote: joto likizidi, mashine hupunguza mkondo.

Faida yake ni muda. Uniti 50 zikitiwa kwa ampea 200 na volti 400 huchukua dakika 37 na nusu. Kwa ampea 500 ni dakika 15, mradi betri iweze kuzipokea. Kwa msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Songea, safari ya zaidi ya kilomita 900, ambaye hana budi kuchaji njiani, tofauti hiyo si ndogo. Yako pia magari ya volti 800, ambayo kwa kilowati 200 huhitaji ampea 250 tu, na joto la kebo huwa robo.

Jambo hili si geni kabisa. Transfoma kubwa za vituoni, zile zile zinazosemwa kuwa "zapoza umeme", zenyewe hupozwa kwa mafuta yazungukayo ndani yake. Hivyo chini ya jina moja zimo kazi mbili. Ingefaa basi katika vitabu vya mafundi isemwe kushusha msongo panapohusu volti, na kupoza pawe pa joto. Watu wa mjini na waendelee na kituo chao cha kupozea umeme, kwa kuwa lugha ni yao. Bali fundi ashikaye kebo ya ampea 500 ajue hasa ni kitu gani kinachopozwa, na pampu ikisimama, ni kitu gani kitakachoungua.