Meya Aliyekufa Akiwa Kitini

Siku moja hapa Mkongo mzee mmoja aliuliza: "Huyu meya wanayemtaja redioni ni nani? Mbona kwetu hayupo?"

Swali zuri. Meya anaongoza baraza la madiwani la manispaa au jiji. Huku kwetu kazi hiyo ni ya mwenyekiti wa halmashauri, kule Utete. Wote wawili hatuwachagui sisi wenyewe. Sisi tunampigia kura diwani wa kata. Madiwani wakishakutana, wanamchagua mmoja wao.

Ufaransa nao hufanya hivyo hivyo. Ila wenzetu wanakaa! Katika mji wa Lyon, Édouard Herriot alianza umeya mwaka 1905, akafa mwaka 1957 akiwa bado meya. Alitolewa wakati wa vita tu, mwaka 1940, akarudi 1945. Mwaka 1924 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi nzima, na umeya hakuuacha. Kwao siku hizo mtu aliweza kushika vyote viwili.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam ni Sheikh Amri Abedi, yule mshairi, mzaliwa wa Ujiji. Alichaguliwa mwaka 1960. Uhuru ulipokuja watu wa kushika kazi walikuwa wachache, basi akachukuliwa serikalini. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 akafariki, umri miaka 40 hivi.

Halafu mabaraza yenyewe yakafutwa. Mwaka 1972 ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, na mambo ya wilaya yakawa mikononi mwa maofisa wa serikali. Mijini nako mabaraza yakaondoka. Taka zikajaa, mitaro ikaziba, barabara zikawa mashimo. Mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978. Sisi wa wilayani tulingoja mpaka 1984, karibu miaka 12. Sasa mtu angekaa kitini vipi, na kiti chenyewe kimeondolewa?

Hata baadaye, mwaka 1996 baraza la Dar es Salaam lilivunjwa, mji ukaendeshwa na tume mpaka 2000. Mwaka 2021 likavunjwa tena, Ilala ikafanywa jiji.

Mzee akasema: "Basi fedha za zahanati yetu zinaamuliwa na hao hao madiwani?" Ndiyo, mzee wangu, wao ndio wanaopitisha bajeti ya halmashauri. Baraza hukutana kila miezi mitatu, na kikao ni cha wazi. Mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza, ingawa hapewi nafasi ya kusema. Akauliza kikao kijacho ni lini.