Fungu Likipungua, Huduma Ipi Ibaki?

Zahanati inapopokea fedha pungufu katikati ya mwaka, njia inayochukuliwa kwa wepesi ni kukata kidogo kila mahali: dawa, mafuta ya pikipiki, gesi ya jokofu. Huonekana kuwa ya haki, ilhali nusu ya gesi haihifadhi nusu ya chanjo. Chanjo nyingi, pamoja na oksitosini, huhitaji nyuzijoto 2 hadi 8 usiku na mchana. Jokofu likizimika, zote huweza kuharibika.

Njia ya pili ni kufuata foleni. Hapa ndipo makosa makubwa hutendeka. Mwenye maumivu ya mgongo hulalamika siku ile ile anapokosa dawa. Mtoto aliyekosa chanjo ya surua halalamiki, na mwenye shinikizo la damu huenda asihisi lolote mpaka apatwe na kiharusi. Huduma ya mkoba hufutwa kwanza, kwa kuwa wanaoikosa wapo vitongojini, hawapo kituoni kuuliza.

Tanzania imewahi kulipima jambo hili. Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya ilishirikiana na Kanada kuendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wahojaji walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amefariki, na kwa dalili zipi. Ikabainika kwamba Morogoro malaria ilisababisha takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Fedha zikaelekezwa kwenye vyandarua na kwenye mafunzo ya kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu. Rufiji, vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Ni kweli, wilaya hizo ziliongezewa fedha, si kupunguziwa. Lakini nyongeza hiyo haikuzidi dola 2 kwa mkazi kwa mwaka.

Kwa hiyo kamati ya usimamizi wa kituo ianze na swali hili: huduma ikisimama kesho, nani atapata madhara yasiyorekebishika, na je, ana pengine pa kuipata kwa wakati? Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa 2 za kusafiri. Mgonjwa wa kifua kikuu akikatiza dawa zake za miezi 6, vimelea huweza kuwa sugu, naye akawaambukiza wa nyumbani. Kliniki ya meno ya kila mwezi yaweza kuhamishiwa hospitali ya wilaya. Twasema hivyo kwa shingo upande, maana jino nalo huuma.

Nawe mgonjwa, ukisikia huduma yako inasitishwa, usigawe vidonge vya VVU au vya shinikizo nusu nusu ili vidumu. Nenda kituoni kabla havijaisha, uombe rufaa ya maandishi yenye jina la dawa na kipimo chake.